Kuhifadhi na Kusahau

Kumbukumbu ni amana. Mwenye kuitunza husifiwa na mwenye kuipoteza hulaumiwa. Mtu akisahau deni huitwa mdanganyifu, akisahau salamu huitwa mwenye kiburi, na akisahau wema huitwa mtovu wa shukrani. Kwa sababu hii, kila tukutanapo na kitu kisichokumbuka jambo tulilokiagiza, aghalabu twakasirika kwanza tukafikiri baadaye. Twadhani kwamba kusahau ni ugonjwa sikuzote, na kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kukilazimisha kitu hicho kikumbuke.

Katika insha hii nataka kusema habari za kitu kimoja cha namna hiyo, nacho ni kivinjari cha kompyuta kinachokataa kuhifadhi mipangilio yake. Kivinjari ni programu ambayo kwayo twafungua kurasa za intaneti. Mipangilio ni maagizo ambayo mtu huiachia programu ili imtumikie apendavyo: itumie lugha gani, herufi ziwe kubwa kiasi gani, na ukurasa upi ufunguke kwanza. Mtumishi mwema huagizwa mara moja akashika. Kivinjari kikiwa na ila hii huagizwa leo, kikatii leo, na kesho kikawa kama hakijaambiwa neno. Jambo hili laonekana dogo, wala halina haki ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini mambo madogo huweza kuwa mlango wa mambo makubwa, na mlango huu mimi niliuingia nikiwa Shimoni.

Shimoni ni mji mdogo wa pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, mwisho wa barabara inayochepuka kutoka njia kuu ya Likoni na Lunga Lunga. Mbele yake pana mkondo wa bahari, na ng'ambo ya mkondo kipo Kisiwa cha Wasini, ambacho hakina motokaa hata moja. Mbele zaidi ziko hifadhi za bahari za Kisite na Mpunguti. Watu wengi wa Shimoni huishi kwa bahari: wengine kwa nyavu, mishipi na madema, wengine kwa kuwapeleka wageni kutazama pomboo na matumbawe. Wazee wao walizisoma habari za upepo katika mawingu na katika rangi ya maji, na elimu hiyo bado ipo. Lakini tangu mikongo ya mawasiliano ilipofika Mombasa chini ya bahari mwaka 2009, intaneti imeenea pwani yote, na utabiri wa upepo na mawimbi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huweza kusomwa na kila mwenye kioo cha kuusomea.

Katika mji huo palikuwa na chumba cha kompyuta cha watu wote, chenye mashine sita, nami nilikabidhiwa ufunguo wake kwa saa za asubuhi na za jioni. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo mzee mmoja mvuvi. Kusoma alijua, lakini macho yake yalikuwa yamechoka, na simu yake ilikuwa ndogo isiyofungua kurasa. Alitaka mambo matatu tu: kivinjari kiseme Kiswahili, herufi ziwe kubwa, na ukurasa wa hali ya hewa ufunguke wenyewe pasipo kuutafuta. Wakati ule ulikuwa wa kusi, bahari imechafuka, na wanawe wawili walikuwa wakivua naye katika mlango wa Pemba. Kabla ya hapo alizoea kusomewa na kijana yeyote aliyekuwapo. Lakini pana tofauti kubwa baina ya kusoma na kusomewa. Anayesomewa hupokea habari pamoja na haraka ya msomaji wake, na siku moja kijana mwenye haraka alikuwa amemsomea utabiri wa jana akidhani ni wa leo. Mungu alisalimisha, chombo kikarudi. Lakini mzee hakutaka tena kuyatia maisha ya wanawe katika macho ya watu wengine.

Nikampangia yale mambo matatu, akasoma mwenyewe, akafurahi. Asubuhi ya pili akakuta herufi zimerudi udogo, lugha imerudi ya kigeni, na ukurasa wake umetoweka. Tukapanga tena. Asubuhi ya tatu ikawa vile vile. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mashine hii jana ilinijua, leo hainijui."

"Itakujua, mzee wangu," nikamjibu. "Nipe siku mbili niitazame."

Vijana waliokuwa chumbani hawakuhitaji siku mbili. Mmoja alisema kompyuta imezeeka, ifaa kuuzwa. Wa pili alisema ina virusi. Wa tatu alisema ni chumvi ya bahari, kwa kuwa Shimoni kila chuma huliwa na chumvi. Kila mtu alikuwa na jibu, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa na swali. Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wangu wasimame nami kidogo, maana namna ya kutafuta kosa ni elimu yenye manufaa kuliko kosa lenyewe.

Swali la kwanza si kwa nini kitu kinasahau, bali kinasahau lini. Mtu akibadili mpangilio, akakifunga kivinjari na kukifungua tena, akaukuta mpangilio umepotea, kosa li karibu na kivinjari chenyewe. Akiukuta upo, kisha ukapotea baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa, hana budi kutafuta chini zaidi. Jaribio hili halihitaji fundi wala fedha. Lahitaji subira na kalamu ya kuandikia matokeo.

Swali la pili ni kilichosahauliwa kilikuwa kimewekwa wapi. Mipangilio ya kivinjari chenyewe, kama lugha ya menyu na ukubwa wa herufi, huandikwa katika faili zilizomo ndani ya folda ya wasifu wa mtumiaji. Mapendeleo ya tovuti moja moja, kama vile kumkumbuka mtu aliyekwisha kuingia, aghalabu huandikwa katika vidakuzi, yaani vijipande vya maandishi ambavyo tovuti hukikabidhi kivinjari ili kivirudishe kila kinapokwenda kwake tena. Ghala hizi ni mbili, na ufunguo wa moja haufungui nyingine. Mtu anayelalamika kwamba tovuti haimkumbuki akatazame vidakuzi. Na anayelalamika kwamba herufi zimerudi udogo akatazame wasifu.

Baada ya maswali hayo mawili, sababu zenyewe hujipanga kama vyombo bandarini, kila kimoja mahali pake. Huenda dirisha lilifunguliwa katika hali fiche, ambayo hutupa vidakuzi vyake vyote linapofungwa. Au mtu aliingia kama mgeni, akapewa wasifu wa muda ambao hufutwa akiondoka. Huenda pamewekwa agizo la kufuta vidakuzi kila kivinjari kifungwapo, au ipo programu ya usafi inayofagia faili usiku na mchana bila kubagua taka na mali. Huenda diski imejaa, au folda ya wasifu imefungwa isiandikwe. Katika hali hiyo kivinjari mara nyingi hakilalamiki: hulikubali agizo, hulitii muda wote ki wazi, kisha hulipoteza, kwa kuwa hakikuwa na mahali pa kuliweka. Huenda umeme ulikatika ghafula wakati faili inaandikwa, nayo ikaharibika, kivinjari kikashindwa kuisoma kikaanza upya kama mtoto aliyezaliwa leo.

Hata saa yaweza kuwa sababu. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo inayoiendesha saa wakati umeme haupo. Betri ikifa, tarehe hupotea. Kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa huviona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa bado havijaanza kazi, ikakataa kuzifungua. Na iliyotangulia mbele huviona vidakuzi kuwa vimekwisha muda wake, ikavitupa. Mwisho, katika kompyuta za shule na za ofisi, msimamizi huweza kuweka kanuni ambazo mtumiaji hawezi kuzigeuza. Hapo kivinjari huandika katika ukurasa wake wa mipangilio kwamba kinasimamiwa, na mtu mwenye kusoma kabla ya kubofya hujiokolea kazi ya siku nzima.

Mimi na kijana mmoja mwanafunzi aliyependa kujifunza tuliyapitia hayo moja baada ya moja, yeye akiandika katika daftari. Dirisha halikuwa la hali fiche. Wasifu ulikuwa wa kawaida. Diski ilikuwa na nafasi tele, saa ilikuwa sahihi, wala hapakuwa na tangazo la usimamizi. Tulikifunga kivinjari na kukifungua mara tano, na mara zote tano mipangilio ilikuwapo. Tulipoizima kompyuta na kuiwasha, ilikuwa imetoweka. Ndipo nilipomwambia kijana aandike hati yenye neno moja tu, "jaribio", aihifadhi katika eneokazi, yaani ule uso wa kompyuta unaoonekana kwanza. Hati hiyo haikuhusiana na kivinjari hata kidogo. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha. Hati haikuwapo.

Kijana alishangaa, nami nilifurahi, maana mashaka yalikuwa yamekwisha. Kivinjari kilikuwa kimeshtakiwa siku tatu kwa kosa lisilo lake. Kila mtoto wa pwani amepata kuandika jina lake kwa kijiti juu ya mchanga wakati maji yamekupwa. Jina huandikwa vizuri, hukaa vizuri, na kila apitaye hulisoma. Maji yakijaa hulifuta. Mwenye kuona jina limefutika hakilaumu kijiti. Ajua kwamba aliandika mahali pa maji. Kivinjari kile kilikuwa kijiti, na kuwashwa upya kwa kompyuta kulikuwa ni kujaa kwa maji. Ndani ya mashine zile zote sita palikuwa na programu ya kurejesha hali, ambayo kazi yake ni moja: kila kompyuta iwashwapo, huirudisha jinsi ilivyokuwa siku ile programu ilipofungwa kwa nenosiri, na kila kilichoongezwa baada ya siku hiyo, kiwe kizuri au kibaya, hakipo.

Sasa tulikuwa tumejua jinsi mashine ilivyosahau. Vijana wakasema, "Iondoe programu hiyo, mambo yaishe." Ulikuwa ushauri mwepesi, na mtu mwenye nenosiri angeweza kuutimiza kwa nusu saa. Lakini programu ya namna hiyo haiingii katika kompyuta kama vumbi liingiavyo dirishani. Ipo mikono iliyoiweka, na mikono hiyo ilikuwa na nia. Kabla ya kuibomoa kazi ya mtu, ni wajibu kumuuliza aliikusudia nini. Na kama hayupo, kumuuliza aliyekuwapo.

Aliyekuwapo alikuwa mama mmoja aliyekifagia chumba kile tangu siku kilipofunguliwa. Hakujua kutumia kompyuta, kwa hiyo hakuna mtu aliyepata kumwuliza neno juu ya kompyuta. Nikamwendea nikamwamkia, nikasema, "Mama, unamkumbuka aliyeziweka mashine hizi hivi, zikawa hazishiki jambo?"

"Namkumbuka sana," akajibu. "Ni fundi wa kwanza, mwanangu, sasa amehamia Mombasa. Aliziweka vile baada ya mambo ya yule binti."

Kisha akanisimulia, wala hakulitaja jina, nami sikumwomba alitaje. Binti mmoja alikuja kujaza fomu ya kuomba msaada wa masomo. Fomu za namna hiyo huuliza mambo mengi: wazazi wana hali gani, nani mgonjwa, nani amefariki, mapato ya nyumba ni shilingi ngapi, madeni ni mangapi. Binti aliyajaza yote kwa ukweli. Kabla hajamaliza akaitwa, mashua ya kwenda Wasini iko tayari, akaondoka mbio bila kutoka katika akaunti yake. Mashine haikusahau. Mtu aliyekalia kiti kile baada yake aliifungua tovuti ile ile akayakuta mambo ya nyumba nzima yamewekwa mbele yake kama bidhaa gengeni. Angeweza kufunga ukurasa akanyamaza. Hakunyamaza. Hata kufika magharibi, ugonjwa wa baba wa binti na deni la dukani vilikuwa maneno ya gatini. Binti hakurudi tena katika chumba kile. Fomu yake aliimalizia kwa jamaa zake Msambweni, na mama yake kwa muda mrefu alikwenda sokoni akipitia njia ya nyuma.

Fundi aliposikia, aliona haya, akazifunga mashine zote sita ili kila ziwashwapo ziwe hazimjui mtu yeyote. Akaweka na kanuni kwamba ziwashwe upya kila abadilikapo mtumiaji. Baadaye akahama. Waliomfuata walilegeza kanuni hata ikabaki kuzizima usiku tu, na hakuna aliyewaambia ilikuwa ya nini. Hivyo mashine zilirithiwa, lakini maana ya kazi ya fundi haikurithiwa. Agizo la kusahau lilihifadhiwa barabara. Sababu ya agizo hilo ndiyo iliyokuwa haikuhifadhiwa mahali popote, ila katika kifua cha mama mwenye ufagio.

Jioni ile nilimweleza mzee mvuvi yote niliyoyaona, ila mambo ya nyumba ya yule binti. Nikamwambia kwamba naweza kuifanya mashine imjue, lakini ikiachwa ikumbuke kila kitu itawakumbuka na wengine wote, na siri zao zitakuwa wazi kwa ajaye. Akafikiri kitambo, akasema, "Kama mimi nitasoma kwa sababu mtoto wa mwenzangu amefunuliwa, afadhali nisomewe."

Sijasahau maneno hayo. Mzee alikuwa na haja ya kweli, tena haja ya uhai, lakini alikataa kuitimiza kwa kuihamishia hasara katika nyumba nyingine. Watu wengi wenye elimu kubwa kuliko yake hawajafikia hapo.

Wala tusidhani kwamba mvutano huu baina ya kukumbuka na kusahau ulizaliwa Shimoni. Ulizaliwa pamoja na wavuti yenyewe. Tim Berners-Lee alipoanza kuibuni wavuti huko CERN, karibu na Geneva, mwaka 1989, utaratibu wake wa kupeleka kurasa haukuwa na kumbukumbu. Kila ombi la ukurasa lilikuwa kama mgeni mpya abishaye hodi. Mwenye nyumba alimhudumia, akafunga mlango, akamsahau. Hali hiyo ilikuwa nyepesi, lakini haikufaa biashara, kwa maana duka haliwezi kuuza ikiwa muuzaji humsahau mnunuzi kila anapogeuka kuchukua bidhaa ya pili. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa fundi wa kampuni ya Netscape, akabuni vidakuzi ili tovuti iweze kumtambua mtu aliyekuja awali. Ulikuwa uvumbuzi wenye manufaa. Lakini haukupita muda, watangazaji wa bidhaa wakavitumia vidakuzi kumfuata mtu kutoka tovuti hata tovuti, na kukusanya habari zake asizowapa kwa hiari. Basi watu walioomba mashine zikumbuke wakaanza kuomba zisahau. Vivinjari vikaongezewa madirisha ya faragha: Safari mwaka 2005, Chrome mwaka 2008, na Firefox mwaka 2009.

Sheria nazo zikafuata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na kati ya mambo inayoyataja ni kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi zisitakiwe wala zisifichuliwe pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaongeza kwamba mtu aweza kuomba habari zake zisizo sahihi zisahihishwe, na zile zisizostahili kuwekwa zifutwe. Kusahau, ambako sisi tulikuita ugonjwa, kumbe huweza kuwa haki ya mtu.

Baada ya kuyafikiri hayo, wenye kukisimamia chumba waliitana, nami nikawapo. Hatukuuliza tena kama mashine ikumbuke au isahau. Tuliuliza ikumbuke lipi na isahau lipi. Tukagawa mambo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo yasiyo siri ya mtu yeyote na yenye manufaa kwa wengi: lugha ya Kiswahili, ukubwa wa herufi, na ukurasa wa upepo na mawimbi. Hayo yakumbukwe. Fungu la pili ni mambo ya mtu mmoja: manenosiri, vidakuzi, orodha ya kurasa alizofungua, na hati alizoandika. Hayo yasahauliwe. Fungu la tatu ni mambo ambayo mwenyewe angependa kuyahifadhi. Hayo tulisema ayachukue mwenyewe katika kihifadhi chake cha mfukoni au ayatume katika akaunti yake, maana siri huhifadhiwa vema zaidi na mwenyewe.

Fundi wa kwanza alipigiwa simu Mombasa. Alifurahi kusikia kwamba kuna aliyemwuliza, akatoa nenosiri. Tukaifungua programu ya kurejesha hali, tukaiwasha kompyuta ikiwa wazi, tukaweka mambo ya fungu la kwanza, tukafuta kila athari ya mikono yetu, kisha tukaifunga tena. Maji yaliendelea kujaa na kukupwa kama kwanza, lakini sasa maneno yale machache yalikuwa yameandikwa juu ya mwamba, mahali maji yasipofika. Na ile kanuni ya kuwasha upya kila abadilikapo mtumiaji ikarudishwa, kwa kuwa kusahau kwa usiku peke yake hakumlindi mtu wa mchana.

Likabaki jambo moja. Vijana walilalamika kwamba herufi kubwa huijaza skrini upesi, na anayeandika barua ndefu huona mistari michache tu. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana manufaa ya wazee yasiwe mzigo wa vijana. Tukaamua kwamba kompyuta moja, iliyo karibu na dirisha penye mwangaza, iwe na herufi kubwa, na tano zilizobaki ziwe na herufi za kawaida. Siku mbili za mzee zilikuwa zimekuwa wiki mbili, lakini hakulalamika. Tangu hapo alisoma upepo wake mwenyewe, na alipomaliza aliizima mashine kwa mkono wake, akasema anafunga mlango wa watu.

Nikitafakari kisa hiki nakumbuka jina la mji wenyewe. Shimoni limepata jina lake kutokana na mapango yaliyomo ndani ya mwamba wa matumbawe, hatua chache kutoka baharini. Wenyeji husimulia kwamba zamani za biashara ya watumwa watu walifungiwa humo wakingoja kusafirishwa ng'ambo. Kumbukumbu hiyo ni chungu, na mtu angeweza kusema kwamba ni heri isahauliwe. Wenyeji hawakusema hivyo. Wameyaacha mapango wazi, huwaongoza wageni ndani yake, na huwasimulia watoto wao. Je, watu hao hao wanaotaka siri ya binti mmoja ifutwe wanapingana na nafsi zao? Hata kidogo. Mambo ya pangoni ni dhuluma waliyotendewa wengi, na kuyasahau kungewafaa waliodhulumu peke yao. Mambo ya fomu ni udhaifu wa nyumba moja, na kuyakumbuka kungewafaa wasengenyaji peke yao. Uovu wa dhalimu usifichwe. Siri ya mnyonge isifunuliwe. Mji wenye hekima huyajua yote mawili, na mashine, ambayo haina hekima, hutenda kama ilivyofundishwa na watu wake.

Enyi vijana mnaosoma, nyinyi mtarithi mashine nyingi kuliko sisi, nazo zitakumbuka mambo mengi kuliko sisi tulivyoweza kufikiri. Mtakapokuta chombo kinasahau, msikipige wala msikiuze. Ulizeni kwanza kinasahau lini, kisha kinachosahauliwa kiliwekwa wapi, kisha ni nani aliyekiagiza kisahau, na kwa nini. Maswali mawili ya kwanza yatawafanya mafundi. Mawili ya mwisho yatawafanya majirani wema, na dunia ina uhaba wa majirani kuliko wa mafundi. Wala msimpuuze mwenye ufagio. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwapo.

Tena mkibadili jambo lolote katika chombo cha watu wote, liandikeni. Pale chumbani tulibandika karatasi ukutani, imeandikwa kwa wino kwa mkono wa yule kijana wa daftari, yenye mistari minne: kilichobadilishwa, siku kilipobadilishwa, aliyekibadilisha, na sababu. Karatasi hiyo haihitaji umeme wala nenosiri. Mpangilio usioandikiwa sababu ni kitendawili kwa ajaye. Naye akikosa wa kumtegulia, atauvunja akidhani anautengeneza.